Muru Hana Nywila

Dada alimleta Jumatano, ndani ya kasha la ndizi,
akasema: wiki mbili tu, Eino,
nikishahamia Turku, nikishapata nyumba yenye ua.
Ilikuwa Machi ya mwaka juzi.
Dada ana ua sasa. Mbwa bado ninaye.
Muru, yaani chembe ya mkate;
chembe yenye kilo thelathini na moja.

Niseme kwanza nilivyokuwa naishi.
Kidole changu kiliamka kabla ya macho,
kikatambaa juu ya kioo, kikashuka, kikashuka,
kama mtu ateremkaye ngazi
za jengo lisilo na ghorofa ya chini.
Vita mahali, keki ya binamu,
nisiyemjua akimtukana nisiyemjua,
nami katikati nikiwa hakimu, chai ikipoa,
theluji ikiangukia Tampere nzima bila mimi kuiona
mpaka mtu aipige picha.
Hapo ndipo nilipoipenda.

Muru hakuja na falsafa.
Alikuja na kibofu.
Saa kumi na mbili kasoro robo anaegesha kidevu godoroni,
ananihemea usoni pumzi ya samaki wa jana.
Simu ukiizima hunyamaza.
Huyu hazimiki.

Nje, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Mkono mmoja una kamba,
wa pili una mfuko, na kilichomo bado kina joto
(nisameheni, ndivyo ilivyo),
na wa tatu sikupewa.
Wiki ya kwanza nilijaribu. Nilivua glavu kwa meno
nimjibu mpumbavu mmoja wa Oulu kuhusu kodi ya magari;
baridi ikaila betri yote, sentensi ikiwa nusu.
Kioo kikawa cheusi, na ndani yake mtu,
ndevu zimeganda, mdomo wazi.
Pembeni Muru kasimama, mguu mmoja hewani,
anasikiliza kitu chini ya theluji:
panya labda, au ziwa likijikunyata ndani ya barafu.
Nikasikiliza nami.
Sikusikia kitu.
Nikaendelea kutosikia, muda mrefu,
na yule wa Oulu akabaki na ushindi wake.

Ghorofa ya tatu anakaa Inkeri Salmela.
Miaka sita nilimpigia dole gumba:
maandazi yake ya iliki, dole gumba;
mashua ya mjukuu, dole gumba;
jeneza la mumewe, maua meupe,
dole gumba, kisha nikashuka.
Ndani ya lifti tulitazama namba za ghorofa, yeye na mimi,
kama wasafiri wanaongoja kuitwa.
Muru hakuijua kanuni hiyo.
Alimwekea pua juu ya goti, akaiacha hapo hapo.
Inkeri akainama, akaongea,
na sauti yake ilikuwa nzito, ya mvutaji wa miaka mingi.
Picha hazikuwahi kuniambia.
"Jina?" aliuliza.
Nikamtajia langu.
"Wewe nakujua," akasema. "Nauliza la mbwa."

Siku hizi Jumapili huteremka na mfupa uliofungwa gazetini,
tunazunguka ufuko wa Näsijärvi, hatuongei sana.
Mara moja alimtaja mumewe.
Sikuwa na kidole cha kumjibia.
Nilitembea tu kando yake, theluji ikilia chini ya viatu.

Nisidanganye, sijapona.
Jana usiku wa manane nilikuwa chooni,
nimekaa juu ya kifuniko, nashuka, nashuka,
miguu imekufa ganzi.
Muru akausukuma mlango kwa kichwa.
Akainusa simu mbele, akainusa nyuma,
kwa bidii ileile anayoinusia nguzo ya kituo cha basi,
ambako kuna habari za mtaa mzima.
Watu elfu mbili mle ndani, marafiki zangu,
na yeye alipata harufu moja tu:
yangu.

Akanitazama kidogo, akaenda kulala mlangoni,
mgongo kwangu, pua kwenye upenyo wa baridi.
Kunakucha saa nne huku, ikiwa kutakucha.
Glavu ya kushoto siioni.